Delphi: simama mbele ya ukuta ambao wenzako wataupa mgongo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma historia mwaka wa pili katika chuo kimoja Ujerumani. Mwezi wa tano darasa letu linakwenda Ugiriki, na siku moja nzima ni ya Delphi, mahali patakatifu pa kale pa mungu Apollo, magofu na makumbusho. Profesa anataka kila mwanafunzi achague kitu kimoja, asimame mbele yake na kuwaeleza wenzake kwa dakika 10. Wenzangu wameshaanza kuniambia nichukue Memnon, mfalme wa Waethiopia, kwa kuwa mimi ndiye Mwafrika pekee darasani. Sijui nikubali au nikatae. Halafu, nisikufiche, nilipokuwa sekondari tulipelekwa Kilwa Kisiwani na niliona mawe tu. Naogopa yasije yakanikuta yale yale. Tuanze na makumbusho au na magofu? La mwisho: bibi yangu kaniomba nimletee kijiwe kutoka huko. Inafaa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Niruhusu nianze na Kilwa, maana huko ndiko jibu la mengine yote lilikoanzia.

Kuona mawe tu hakukuwa kosa lako. Mtu akifika Husuni Kubwa, jumba la masultani, anakuta kuta zilizobomoka na birika la pembe nane lisilo na tone la maji. Vigae vya Kichina, sarafu za masultani na vitu vingine vingi vilivyochimbwa pale vimewekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyumba iko kusini, vyombo vyake viko kaskazini, katikati kuna karibu kilomita 300 za barabara, na wewe ulishushwa kwenye mashua jua la utosi ukaambiwa hapa palikuwa na dola kubwa. Ungeona nini? Nami safari yangu ya kwanza kuwapeleka wanafunzi kule nilifanya kosa hilo hilo. Nilihubiri saa nzima, wao wakahesabu mijusi.

Delphi imepata nafuu moja: makumbusho yako jirani na magofu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ila ugonjwa ni ule ule. Vitu vimeng'olewa mahali pake vikapelekwa chini ya paa, na mgeni ndiye anayetakiwa kuvirudisha, kwa akili, pale vilipokuwa.

Kwa hiyo anzeni na magofu. Waongozaji wengi watawaambia kinyume, kwamba mwanafunzi apate kwanza maelezo na picha ndani ya makumbusho ndipo apande mlimani. Mimi siafiki. Njia takatifu, ile ya kwenda hekaluni, inapanda kwa kona kwenye mteremko wa mlima Parnassos, na pande zote mbili imepangwa vitako vya mawe vitupu. Inama utazame juu ya vitako hivyo. Kwenye baadhi utaona mashimo yenye umbo la unyayo, ambamo miguu ya sanamu za shaba nyeusi ilikazwa isiyumbe. Ukishapita vitako vitupu kumi au kumi na tano hutahitaji mwalimu wa kukuuliza swali. Utajiuliza mwenyewe, waliosimama hapa wamekwenda wapi?

Wengi waliyeyushwa. Wengine walibebwa. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyezuru Delphi katika karne ya 2 B.K., ameandika kwamba Kaisari Nero peke yake aliondoa sanamu 500 za shaba. Ile nguzo ya nyoka watatu waliosokotana, ambayo miji ya Wagiriki iliitoa baada ya kuwashinda Waajemi huko Plataia mwaka 479 K.K., ilichukuliwa na Kaisari Konstantino akaupamba nayo mji wake mpya. Iko huko hadi leo, mji sasa ukiitwa Istanbul, haina vichwa. Majina ya miji 31 iliyopigana vita vile bado yamechongwa juu yake, na kitako chake kimebaki Delphi, mlimani.

Ukiingia makumbusho na swali hilo kichwani, ukakutana na Mwendesha Gari wa Delphi, utaelewa kwa nini watu hunyamaza chumbani mle. Ni sanamu ya kijana aliyeendesha gari la kukokotwa na farasi, ya shaba nyeusi, urefu wa mita 1.80, amevaa kanzu ndefu iliyofungwa chini ya kifua, mkono wa kushoto haupo, wa kulia umeshika mabaki ya hatamu. Farasi wake wamebaki vipande. Macho yake bado yamo, kope ni nyuzi nyembamba za shaba, midomo imewekewa shaba nyekundu. Amebaki kwa sababu ya msiba: tetemeko la mwaka 373 K.K. liliporomosha mlima, yeye akazikwa, na aliyezikwa hakuyeyushwa. Wachimbaji Wafaransa walimtoa mwaka 1896. Usimtazame ukiwa umesimama tu. Chuchumaa kidogo, kwa sababu fundi alimtengeneza atazamwe kutoka chini, akiwa juu ya gari. Miguu inayoonekana mirefu kupita kiasi itakaa sawa mara moja.

Usiache kuangalia na kitako chake. Kimeandikwa kwamba Polyzalos ndiye aliyemtoa, ndugu wa watawala wa Sisilia, kwa ushindi wa mashindano ya Delphi miaka ya 470 K.K. Mstari wa kwanza umefutwa na kuandikwa upya. Awali ulimtaja kama mtawala wa mji wa Gela, baadaye cheo kikaondolewa. Siasa ni zile zile, jiwe tu ndilo gumu kulifuta vizuri.

Sasa tuje kwa Memnon.

Yumo, hilo si uongo. Watu wa kisiwa cha Siphnos walijenga Delphi nyumba ya hazina, ya kuwekea sadaka zao kwa mungu, karibu mwaka 525 K.K., na mkanda wa michongo uliozunguka juu yake umo makumbusho. Upande wa mashariki miungu wamekaa wakibishana, na kando yao Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, na Memnon wanapigania maiti ya shujaa aliyelala chini. Majina yalipakwa kwa rangi, sasa yamefifia hata huwezi kuyaona kwa macho matupu. Memnon ni mwana wa mungu wa kike wa alfajiri, mfalme wa Waethiopia, aliyekuja kuusaidia mji wa Troya dhidi ya Wagiriki akauawa. Kwa Wagiriki wa zamani Waethiopia walikuwa watu wenye nyuso zilizoungua kwa jua, wakaazi wa pembezoni mwa dunia. Si nchi ya Ethiopia tunayoijua leo.

Lakini simama mbele ya mchongo wenyewe. Utamwona Memnon amevaa kofia ya vita na ngao kama askari yeyote wa Kigiriki. Hakuna kinachomwonyesha kuwa ametoka kwa Waethiopia. Utalazimika kutumia dakika 10 kueleza kitu kisichoonekana, na wenzako wataitikia kwa heshima wakati macho yao yanatazama kwingine. Ukimchagua kwa sababu unampenda, sina neno. Ukimchagua kwa sababu umepewa kama mtu anayepewa kiti kilichowekewa jina lake, kataa kwa upole.

Kuna na mtego wa pili, nikuonye kabla hujauingia. Mwaka 1939, chini ya njia takatifu, zilifukuliwa sanamu za karne ya 6 K.K. zilizotengenezwa kwa dhahabu na pembe za ndovu, zilizokuwa zimeungua na kufukiwa. Nyuso za pembe zimekuwa nyeusi kwa moto. Mtu wa pwani yetu akiona pembe moyo unaruka. Tunajua kwamba baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K. aliitaja Rhapta, soko la pwani ya Azania, ndiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki, na pembe nyingi zilizotoka huko. Ila kati ya maneno yake na sanamu za Delphi kuna miaka 600. Usiunganishe visivyoungana. Profesa makini atakukamata hapo hapo.

Na usichukue habari ya Krosasi, tajiri wa Lydia, aliyeaguliwa hapo Delphi kwamba akipigana na Waajemi ataangusha dola kubwa, akaiangusha ya kwake. Ni nzuri, ndiyo maana kutakuwa na watu watatu wanaoigombania. Pythia naye, yule mwanamke mwaguzi wa Apollo, atachukuliwa na mtu atakayeongea juu ya gesi. Ni kweli mwaka 2001 wanajiolojia walichapisha hoja kwamba nyufa za miamba chini ya hekalu zilitoa gesi ya kulevya, na ni kweli pia kwamba wenzao wengine waliipinga. Mimi kinachonivutia zaidi ni utaratibu wenyewe, alioueleza Plutarko, mwandishi Mgiriki ambaye alikuwa kuhani pale pale. Kabla ya kuagua, mbuzi wa kafara alimwagiwa maji baridi. Asipotetemeka mwili mzima, hakuna kuagua siku hiyo, rudini makwenu. Bibi yako nadhani angeuelewa utaratibu huo haraka kuliko profesa.

Basi nikupe mahali pangu.

Ukipanda njia takatifu na kuipita nyumba ya hazina ya Waathene, ile ndogo iliyosimamishwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, mbele kidogo utaona ukuta mrefu unaoshikilia udongo chini ya hekalu la Apollo. Una zaidi ya mita 80 na ulijengwa karne ya 6 K.K. Mawe yake hayana pembe nne. Kila moja limechongwa kwa mikunjo kumfuata jirani yake, yakashikana bila chokaa kama vidole vya mikono miwili. Mbele yake zimebaki nguzo chache za baraza la Waathene. Wageni hufika hapo wanahema, huupa ukuta mgongo, hupiga picha ya bonde na mizeituni. Mwongozaji husema neno moja la ufundi wa mawe na matetemeko, kisha wanaendelea kupanda.

Wewe geuka. Ukuta umeandikwa, kwa herufi ndogo zilizosongamana, jiwe kwa jiwe, na zinapita hata juu ya viungo. Ni hati za watumwa walioachwa huru. Ziko kwa mamia. Ukijumlisha na nyingine zilizopatikana Delphi, zinawataja watumwa zaidi ya 1,200, kuanzia takriban mwaka 200 K.K. hadi karne ya 1 B.K. Wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Zilifanyaje kazi? Mtumwa hakuwa na haki ya kufanya mkataba, basi hakuweza kujinunua. Njia iliyopatikana ilikuwa kumpitisha mungu katikati. Mtumwa alitafuta fedha, akazikabidhi kwa Apollo, na Apollo akawa ndiye mnunuzi. Bwana anauza, mungu ananunua, na mungu hamtumikishi mtu. Hati zinakwenda kwa mpangilio unaofanana: nani alikuwa mkuu wa mji mwaka huo, mwezi gani, fulani amemuuzia Apollo mwili wa kike au wa kiume, jina lake fulani, asili yake mahali fulani, kwa bei kadha. Kisha mdhamini, kisha mashahidi, makuhani wa hekalu wakiwemo. Hati ikachongwa ukutani, hadharani, ili kesho na keshokutwa asije mtu akamkamata njiani na kudai ni mali yake.

Bei iliyozoeleka kwa mtu mzima ilikuwa mina 3 hadi 5, yaani drakma 300 hadi 500. Huko Athens katika karne ya 5 K.K. fundi alilipwa karibu drakma 1 kwa siku. Piga hesabu, kisha ujiulize mtumwa aliipata wapi. Hati nyingi hazisemi.

Lile neno la "mwili" katika hati hizo, kwa Kigiriki, ni *soma*. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza, mlinzi akanitazama. Neno hilo hilo ndilo wenyewe walilotumia kumtaja mtumwa, mwili tu, na mimi kwa lugha ya mama yangu nilikuwa naamriwa nisome.

Na hapa ndipo ninapotaka ufike. Kwenye hati utakuta Msiria, Mthraki, na mara nyingi neno lenye maana ya aliyezaliwa nyumbani humo humo. Mwenzako Mjerumani atalitafsiri kama neno la kitabuni. Wewe una neno la kwenu: mzalia. Pwani yetu ilikuwa na msamiati wake kamili. Mjinga alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, mzalia ni aliyezaliwa kwa bwana wake, mjoli ni mtumwa mwenzio, kujikomboa ni kulipa ili uwe huru, na fedha yenyewe ni kikomboleo. Maneno haya tunayatumia leo tumesahau yametoka wapi. Hakuna mwingine katika basi lenu atakayeufikia ukuta ule na maneno hayo mdomoni. Hicho ndicho chako, zaidi ya Memnon.

Soma na sehemu ya hati inayouma. Nyingi zina sharti la kubaki. Mtu ameshauzwa kwa Apollo, fedha imelipwa, jina limechongwa, lakini atakaa na kumtumikia bwana au bibi yake mpaka mwenyewe afe. Akikaidi, anaweza kupigwa. Katika baadhi ya hati za baadaye mwanamke anatakiwa pia kumwachia bwana mtoto wa kushika nafasi yake. Ukiwasomea wenzako sharti hilo baada ya kuwaambia "huyu aliachwa huru", hutahitaji kupandisha sauti.

Ukitaka kugusa kwetu, gusa kwa sentensi mbili na uwe mwangalifu. Zanzibar utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Huo ni mfano wa uhuru unaotolewa kwa mkono mmoja na kuzuiwa kwa mwingine. Usiseme utumwa wa Delphi na wa Unguja ni kitu kimoja. Sheria zilikuwa tofauti, dini tofauti, na biashara yenyewe tofauti. Linganisha sharti na sharti, uishie hapo.

Mambo ya kazi sasa. Kabla ya kuondoka Ujerumani mwombe profesa akusaidie kupata hati moja iliyochapishwa na kutafsiriwa, yenye jina unaloweza kulitamka. Hati moja, binti yangu, si tano. Nenda na jina la mtu, la bwana wake, bei, na sharti. Herufi za kutafuta ukutani ni ΑΠΕΔΟΤΟ, "ameuza", na ΑΠΟΛΛΩΝΙ, "kwa Apollo". Tumia kamera ya simu kuvuta karibu, kwa sababu kugusa ni marufuku na walinzi wa Kigiriki wana filimbi na hawaoni haya kuzipuliza. Ndani ya makumbusho msiigize mikao ya sanamu wakati wa kupiga picha. Hilo nalo linakatazwa, na vijana hulisahau kila mara.

Saa ya kuusoma ukuta ni asubuhi mapema au alasiri jua likianza kulala, kivuli kiingie kwenye michongo. Saa sita mchana utaona jiwe jeupe tu, na tutarudi kwenye habari ya Kilwa. Kutoka Athens ni karibu kilomita 180 na basi huchukua kama saa tatu, hivyo mkilala Athens mtafika jua limeshapanda, pamoja na mabasi mengine yote. Mshawishi profesa mlale kijiji cha Delphi au Arachova. Kijiji chenyewe cha Delphi kina kisa chake: zamani kiliitwa Kastri na kilikuwa juu ya hekalu, nyumba, makaburi, kanisa na vyote. Uchimbaji mkubwa wa Wafaransa ulipoanza mwaka 1892 watu walihamishwa kikajengwa kipya kando, na wenyewe hawakuhama kwa furaha. Ukipata mzee mkahawani, msikilize.

Viatu viwe vya soli isiyoteleza, maana mawe ya pale yamesuguliwa na miguu ya watu. Maji mbebe, kivuli ni kidogo mno. Mkiwa na nguvu pandeni hadi juu ya ukumbi wa michezo ya kuigiza, uliochukua watu karibu 5,000, muone hekalu kwa chini. Pakizidi joto, acheni uwanja wa mbio, si lazima.

Na kijiwe cha bibi? Hapana. Sheria ya Ugiriki hairuhusu kuokota chochote kwenye magofu, hata kigae cha ukubwa wa kucha, na uwanja wa ndege si mahali pa kueleza mapenzi ya bibi. Lile bonde ambalo wenzako watakuwa wanalipiga picha limejaa mizeituni hadi baharini Itea, na zeituni za Amfissa, mji wa jirani, zinasifika. Mnunulie chupa moja, uifunge vizuri kwenye nguo. Kama bibi yako ni kama wangu, atasema zina chumvi nyingi, na atazimaliza.